Tulupu

Kamusi ya mezani inatosheka na maneno sita:
koti refu la ngozi ya kondoo.
Nikaandika hivyo kwenye kadi, nikaweka nukta,
kisha nikapanda treni ya mizigo hadi Urgucha
nimsomee mtu anayeijua baridi.

Kapitolina Yegorovna, mlinzi wa daraja la reli,
miaka ishirini na tisa ya zamu za usiku,
alinisikiliza huku akimenya yai la kuchemsha.
"Koti," akasema, "ni hilo ulilovaa wewe.
Lina kiuno. Lina vifungo. Lina mwenyewe.
Huku lingekutoa roho kabla ya saa nane."

Tulupu haina kiuno.
Manyoya yako ndani, ngozi iko nje,
ukosi ukiinuliwa unameza kichwa na kofia yake,
mikono inapita vidole kwa shibiri nzima.
Huivai juu ya shati. Unaivaa juu ya koti,
koti juu ya sweta, sweta juu ya woga.
Kutembea nayo huwezi, labda hatua kumi:
ni vazi la aliyeambiwa asimame.

Nikamweleza nilichokisoma, kwamba neno
lilitoka kwa wapanda farasi wa nyika,
nao walimaanisha mfuko:
ngozi iliyochunwa nzima, tumbo halikupasuliwa,
ya kutilia maziwa.
Kumbe mlinzi ni maziwa!
Alicheka, meno mawili ya chuma yakang'aa.
"Andika hilo. Andika tusigande."

Nikauliza matumizi. "Tulupu yangu," nikatoa mfano.
Akatikisa kichwa. Hakuna asemaye yangu.
Ni ya daraja. Ndani ya ukosi ina namba ya wino,
na daftarini imeorodheshwa pamoja na kandili,
sepetu ya theluji,
na bunduki moja isiyolenga sawa.
Wala haivaliwi. Inapokelewa.
Saa kumi alfajiri anayetoka anatanua mikono,
anayeingia anageuza mgongo,
na kwa kitambo kidogo wako wawili humo.
Swali ni moja, halina salamu:
"Ina moto?"
"Ina."

Wahenga walionena nguo ya kuazima haisitiri matako
hawakulinda daraja hili.

Kisha akanyamaza, akakusanya chumvi mezani kwa kiganja.
Februari moja, mwaka hakuutaja,
alimkuta Innokenti wima, ameegemea mlango wa kibanda,
ukosi juu, barafu kwenye nyusi.
Akamuuliza, ina moto?
Akamuuliza tena.
Moyo, walisema baadaye. Si baridi;
baridi haikumpata.
Treni ya makaa ilikuwa inakuja na saa kumi na dakika arobaini,
lazima mtu aonekane na taa ya kijani,
na daktari yuko mwendo wa saa mbili.
Akamlaza kwenye benchi, akamfunika blanketi la farasi.
Kabla ya blanketi, akamvua.

"Ilikuwa nayo," akasema. "Moto.
Mabehewa sitini na manne, niliyahesabu yote.
Nimesimama ndani ya joto lake
na mwenyewe anapoa kule kibandani."
Alisema hivyo kwa sauti ya kusoma daftari,
akala yai lake.

Bair, kijana wa zamu ya pili, aliingia akitafuna mkate.
Nikageuka dirishani ili nisiwatazame,
lakini kioo kiliwaonyesha:
mikono yake, mgongo wa kijana,
na midomo miwili iliyotoa mvuke, mmoja baada ya mwingine.

Katika treni ya kurudi nilifuta yale maneno sita.
Tulupu, nikaandika. Nomino. Haina umiliki.
Mfano wa sentensi:
hapo wino ukakataa, kalamu imeganda.
Nikafungua kifungo kimoja cha koti langu lenye kiuno,
nikaitia kwapani,
nikangoja.